Ofa ya Kazi Nje: Venye Utaikagua Hatua kwa Hatua Kabla Hujalipa na Kabla Hujapanda Ndege

Kila mara naletewa picha ileile. Cheti cha ajenti kimepigwa picha, chini yake swali: "hii ni ya ukweli ama ni matapeli?" Nikisema cheti peke yake hakitoshi, mtu ananijibu ashaangalia, jina liko kwa orodha ya serikali, basi yeye kamaliza. Hapo ndipo wengi wanafeli. Wanakagua kampuni, hawakagui safari. Na walanguzi wa watu washajua hivo, ndio maana jina la kampuni ni kitu cha kwanza wanachosafisha.

Mwongozo huu nimeuandika hasa kwa anayetoka Kenya kwenda Ghuba (Saudia, Dubai, Qatar, Oman, Kuwait, na Lebanon pia naitia humo) ama Asia ya mbali kama Thailand. Ukiwa Tanzania ama Uganda hatua ni hizohizo, ofisi ndio tofauti, na nimezitaja mahali pake.

VITU VYA KUWA NAVYO KWANZA

Usianze kukagua ukiwa na simu peke yake mkononi. Tafuta hivi:

- Daftari, ama karatasi moja safi. Nitakwambia ya nini.
- Pasi yako wewe mwenyewe, si nakala. Kama ajenti ashaichukua "aifanyie visa", kazi ya kwanza ni kuirudisha ama kupewa karatasi iliyosainiwa kwamba anayo.
- Jina kamili la ajenti venye limeandikwa kwa leseni, pamoja na jina la mtu unayeongea naye na kitambulisho chake.
- Mkataba wa kazi wenyewe. Meseji ya wasap inayosema "mshahara 1,200 riyal, chakula bure" haihesabiki kuwa mkataba.
- Nakala ya visa ikitoka.
- Risiti ama meseji za M-Pesa za kila shilingi uliyotoa.
- Mtu mmoja wa nyumbani mwenye kichwa kitulivu. Si lazima awe mzazi, afadhali awe dada ama binamu anayeshika simu usiku na hatakuwa wa kulia tu.
- Muda. Ukiambiwa uamue leo kabla ya saa kumi, hiyo tayari ni jibu.

HATUA YA 1: JUA KINACHOITWA ULANGUZI NI NINI HASA

Hii nitaenda nayo mbio, lakini usiiruke, manake watu wengi hawaripoti kwa sababu wanajiambia "nilienda kwa miguu yangu, hakuna aliyenifunga kamba".

Sheria ya Kenya ya 2010 ya kupambana na ulanguzi wa watu, na ile itifaki ya Umoja wa Mataifa ya Palermo ya 2000 iliyozaa sheria nyingi kama hiyo, zinaangalia mambo matatu. Moja, kitendo: kukuandikisha, kukusafirisha, kukupokea, kukuficha. Mbili, njia: uongo, vitisho, nguvu, ama kutumia shida yako. Tatu, lengo: kukunyonya, iwe kazi ya lazima, ukahaba, utumwa ama kutolewa viungo. Yote matatu yakikutana, kukubali kwako hakumsaidii yule jamaa mahakamani, kwa sababu ulikubali kitu kingine. Na kwa mtoto wa chini ya miaka 18 hata hiyo ya pili haihitajiki.

Adhabu Kenya ni kifungo kisichopungua miaka 30 ama faini isiyopungua shilingi milioni 30, ama zote mbili. Tanzania wana sheria yao ya 2008, Uganda ya 2009.

Umefaulu hatua hii kama unaweza kusema kwa sentensi moja ofa yako iko wapi kwa hayo matatu.

HATUA YA 2: ANDIKA OFA KWA KARATASI, KISHA IKAE USIKU MMOJA

Chukua lile daftari. Andika kazi gani, mji gani, nani ndiye mwajiri, mshahara kwa pesa ya huko (si kwa shilingi), saa ngapi za kazi, siku gani ya kupumzika, nani analipa tiketi ya kwenda na ya kurudi, nani anakupokea airport.

Sababu ni hii: ofa ya uongo inaishi kwa mdomo. Ukimuuliza ajenti jina la mwajiri anakwambia "utalijua ukifika, hao ni watu wazuri". Ukiuliza mji anakwambia Saudia. Saudia si mji! Kutoka Riyadh hadi Jeddah ni kama kilomita 950, sasa ukipata shida utasema uko wapi?

Dalili za kuchunga: mshahara mkubwa kwa kazi isiyohitaji ujuzi wowote, intavyuu ya dakika tano kwa wasap bila video, kuambiwa usimwambie mtu "wasije wakakuonea kijicho", na ile ya kubadilishiwa kazi katikati, yani ulianza kama kashia wa supamaketi Dubai na sasa ati nafasi imejaa lakini kuna ya ndani Oman, visa iko tayari.

Kesho yake isome tena. Kama kuna mstari uko mtupu, mpigie ajenti aujaze. Akikasirika, umepata jibu bila kulipa kitu.

HATUA YA 3: KAGUA AJENTI, LAKINI KAGUA VIZURI

Kenya, maajenti wa kazi za nje wanasajiliwa na NEA, mamlaka ya kitaifa ya ajira. Orodha iko wazi kwa tovuti yao, neaims.go.ke. Watu wengi wanafika hapo, wanaona jina, wanafunga simu. Bado hujamaliza.

Kwanza, angalia kama leseni bado inafanya kazi, manake inaisha na inahitaji kuhuishwa. Cheti cha miaka miwili iliyopita bado kinapendeza kwa picha.

Pili, linganisha jina herufi kwa herufi. Matapeli wanapenda kuchukua jina la kampuni iliyosajiliwa na kuongeza "International" ama "Agencies" mwishoni.

Tatu, na hii ndio kubwa, chukua namba ya simu na anwani kutoka kwa ile orodha, sio kwa tangazo, sio kwa ajenti. Piga hiyo. Uliza: "Mna mtu anaitwa fulani? Mna nafasi ya kazi hii kwa mwajiri huyu?" Kuna wale wanaotembea vijijini Kwale, Kilifi, Kakamega huko, wakijiita mawakala wa kampuni fulani ya Nairobi na kampuni yenyewe haiwajui kabisa. Kuna pia wengine ambao kampuni inawajua sana lakini itawakana siku mambo yakiharibika, kwa hivyo likiwezekana hilo jibu lipate kwa maandishi.

Nne, enda ofisini kwa miguu. Ukikuta ni chumba chenye meza moja na foleni ya wasichana walioshika pasi, na mwenye ofisi hataki upige picha ya leseni iliyo ukutani, rudi nyumbani.

Uganda, orodha ya kampuni zilizoruhusiwa inatolewa na wizara ya jinsia, kazi na maendeleo ya jamii. Tanzania bara, ulizia TaESA, wakala wa huduma za ajira chini ya wizara ya kazi, na Zanzibar wana kamisheni yao ya kazi.

Kufaulu ni hivi: umeongea na kampuni kwa namba uliyoitafuta mwenyewe, wanakujua kwa jina, na kazi wanayokutajia ni ileile iliyo kwa daftari lako.

HATUA YA 4: FUATA PESA

Kwa kazi za nyumbani Saudia, gharama za kukuchukua, visa na tiketi ni za mwajiri, na ajenti wa huku analipwa kupitia ofisi ya kule, ile wenyewe wanaita maktab. Wewe kwa kawaida unabaki na vitu vyako kama pasi na cheti cha mwenendo mwema. Kwa hivyo ukiitishwa 80,000 "ya visa", uliza visa inalipiwa mara ngapi.

Angalia meseji ya M-Pesa kwa macho mawili. Ikisema umetuma kwa paybill ya kampuni ni jambo moja. Ikisema umetuma kwa jina la mtu binafsi, na jina hilo si la kwa leseni, simama. Akikwambia paybill imeharibika, mwambie utalipa ikitengenezwa.

Kuna mtego mwingine ambao sio wa kulipa, ni wa kulipiwa. Unaambiwa usitoe hata shilingi, wao watashughulika na kila kitu, utalipa ukianza kazi. Inasikika kama baraka. Kisha unafika na unaambiwa unadaiwa, hakuna karatasi ya deni, na deni linaongezeka kila mwezi, chakula juu, kitanda juu, kuugua siku moja juu. Deni lisiloandikwa ndio pingu wanayoipenda kuliko zote kwa sababu haionekani. Kama kuna mkopo, uandikwe kiasi, makato ya kila mwezi na mwezi wa mwisho.

HATUA YA 5: SOMA MKATABA KABLA YA KUSAINI, SI AIRPORT

Mkataba wa kazi za ndani Saudia mara nyingi ni wa miaka miwili na unapita kwa mfumo wa serikali yao unaoitwa Musaned. Uliza namba ya mkataba wako humo. Mshahara kwa Wakenya umekuwa kwenye riyal 900 ama 1,000 hivi, kwa hivyo anayekuahidi 2,500 kufua na kulea watoto, muulize vizuri hizo zingine zinatoka wapi. Kanuni mpya za Saudia kwa wafanyakazi wa nyumbani, zilizoanza 2024, zinasema kazi isizidi saa 10 kwa siku, siku moja ya mapumziko kwa wiki, na mwajiri asikushikie pasi. Kuandikwa na kufuatwa ni mambo mawili, najua, lakini ukishajua kilichoandikwa utakuwa na cha kusema ukipiga simu kwa ubalozi.

Halafu usidanganywe na habari za "kafala imeisha" (kafala ni ule mfumo wa mfanyakazi kufungwa kwa mwajiri aliyemdhamini). Mageuzi ya Machi 2021 kule Saudia, yale ya kuruhusu mfanyakazi kubadilisha mwajiri na kutoka nchini kwa urahisi, hayakuwagusa wafanyakazi wa nyumbani.

Mkataba uwe kwa lugha unayoisoma. Vijana walioahidiwa kazi za kawaida Urusi walijikuta wamesaini karatasi za Kirusi ambazo zilikuwa za jeshi, na Septemba 2025 DCI, polisi wa upelelezi wa Kenya, walitoa wengine zaidi ya 20 kwa nyumba moja Athi River kabla hawajasafirishwa. Kwa hivyo ukiletewa karatasi ya Kiarabu, Kirusi ama Kichina peke yake, saini haitoki.

Na hii watu hawaijui kabisa: sheria ya ajira ya Kenya ya 2007 inataka mkataba wa kazi ya nje ushuhudiwe na afisa wa kazi wa serikali. Yani kuna mtu wa serikali anatakiwa aone karatasi yako na aridhike kwamba umeielewa na umekubali bila kulazimishwa. Mwambie ajenti, "twende pamoja kwa afisa wa kazi." Mwenye kazi halali atalalamikia foleni kisha ataenda. Yule mwingine atapotea siku hiyohiyo.

HATUA YA 6: PANGA MAJINA MANNE KWA MSTARI MMOJA

Ukifanya hatua moja tu kwa zote hizi, fanya hii.

Rudi kwa daftari, chora mistari minne:

1. Jina lililo kwa leseni ya ajenti
2. Jina la mwajiri lililo kwa mkataba
3. Jina la aliyepokea pesa
4. Jina la mwajiri ama mdhamini lililo kwa visa, na aina ya visa

La 1 na la 3 lazima yawe sawa. La 2 na la 4 lazima yawe sawa. Basi.

Mfano wa vile mambo yanakuwa: leseni ni ya kampuni A iliyo Nairobi. Pesa zimeenda kwa mtu binafsi, jina halijulikani. Mkataba unasema mwajiri ni hoteli ya Dubai. Visa ikitoka, ni ya utalii ya siku 60, na haina jina la hoteli hata mahali pamoja. Msichana mwenyewe haoni shida kwa sababu visa ni ya kweli, ameikagua mtandaoni ikakubali. Na ni ya kweli! Ni ya kweli ya kutalii. Siku ya 61 yuko nchini bila karatasi, hawezi kwenda polisi bila kuogopa, na aliyempeleka analijua hilo kabla hata ya kununua tiketi.

Isome visa yenyewe. Visa ya utalii ya Saudia imeandikwa wazi kwa Kiingereza na Kiarabu kwamba mwenyewe haruhusiwi kufanya kazi. Visa ya kazi inataja mwajiri na inataja kazi. Kwa Dubai na Emirates zote, kazi halali inaanza na barua ya ofa iliyopita kwa wizara yao ya kazi, MOHRE, na ina namba. Ile ya "ingia na visiti, tutakubadilishia huko" ndio inayowameza wengi, na ndio ile watu wanaitetea zaidi kwa sababu kuna binamu wa mtu alifanikiwa nayo.

Kufaulu: mistari minne imejaa, majina yanafuatana. Mstari mmoja ukikataa, usitafute maelezo ya kuutetea. Rudi kwa ajenti, arekebishe karatasi, si wewe urekebishe mawazo.

HATUA YA 7: KAGUA NJIA, SI TIKETI TU

Angalia unaanzia wapi na unashukia wapi. Mkenya anayeambiwa apande basi hadi Busia avuke apande ndege Entebbe wakati airport ya Nairobi, JKIA, iko, kuna ukaguzi anaoepushwa. Mtanzania ama Mrundi anayeletwa Nairobi kupitia Namanga kupanda ndege ya Ghuba, vilevile. Ukifundishwa cha kumwambia afisa wa uhamiaji ("sema unaenda kutembelea shangazi"), ujue wewe ndiye unasaidia kuficha.

Ile ya Asia inastahili maelezo yake. Ofa inasema huduma kwa wateja ama kuingiza data, Bangkok, unahitaji Kiingereza na kutaipu tu. Unapokewa airport na mtu mwenye picha yako, unaingia gari, na gari halisimami mjini, linaenda masaa mengi kaskazini magharibi hadi Mae Sot, karibu kilomita 500 kutoka Bangkok. Pale kuna mto Moei. Unavushwa, ng'ambo ni Myawaddy, Myanmar, na sasa uko kwa eneo lenye ukuta na walinzi wenye bunduki, mojawapo linaitwa KK Park. Kazi ni kukaa kwa kompyuta masaa yasiyoisha kudanganya watu wa nchi nyingine kwa mapenzi ya uongo na uwekezaji wa kripto. Usipofikisha lengo unapigwa, na ukitaka kutoka familia inaitishwa maelfu ya dola. Ofisi ya haki za binadamu ya Umoja wa Mataifa ilikadiria 2023 kwamba watu kama 120,000 wameshikiliwa hivo Myanmar na wengine 100,000 hivi Kambodia. Februari 2025 Thailand ilikata umeme, mafuta na intaneti kwenda upande ule, na maelfu ya watu wakatolewa, Wakenya wakiwemo. Lakini matangazo hayajaisha, yamebadilisha tu jina la mji. Laos nako kuna eneo kama hilo, lile la Golden Triangle mkoa wa Bokeo.

Kwa hivyo uliza anwani kamili ya ofisi, iweke kwa ramani, angalia umbali kutoka airport. Omba video ya moja kwa moja kutoka nje ya lango, mchana, jina la jengo likionekana. Wakikataa, ama wakikuonyesha ndani tu na vijana wanaocheka, acha.

HATUA YA 8: ACHA BAHASHA NYUMBANI

Yule mtu mwenye kichwa kitulivu, mpe hivi: nakala ya pasi, visa, mkataba, leseni ya ajenti, tiketi, namba zote za simu, picha yako ya karibuni, na picha ya ajenti kama unayo. Zitume pia kwa imeili yako, na nywila ya imeili uishike kichwani, kwa sababu simu ndio kitu cha kwanza kuchukuliwa.

Mkubaliane neno. Liwe la kawaida, lisilofanana na shida. Kwa mfano, ukiuliza habari ya mbuzi na nyumbani hamna mbuzi, huyo ndugu anajua mambo si mazuri na unasikilizwa. Mpange pia neno la pili la "niko salama kweli", manake wanaweza kukulazimisha uongee ukicheka huku umesimamiwa.

Mpange ratiba: ukifika airport, ukifika kwa nyumba, kila Jumapili. Kimya kikipita muda mliokubaliana, yeye anaanza kupiga simu bila kuogopa aibu kwa majirani.

Andika namba muhimu kwa kikaratasi, kishone ndani ya nguo. Polisi wa Emirates na Qatar ni 999, Oman 9999, Saudia 911 kwa mikoa ya Riyadh, Makka, Madina na Mashariki na 999 kwa sehemu nyingine, Lebanon 112. Tia namba ya ubalozi wako uliyoitafuta mwenyewe kwa tovuti yao. Mkenya anayeenda Lebanon ajue hana ubalozi kamili Beirut, mambo yake yanasimamiwa kutoka Kuwait. Na aliye Myanmar, Laos ama Kambodia anahudumiwa na ubalozi wa Bangkok. Haya ni ya kujua ukiwa nyumbani, sio ukiwa umefungiwa choo.

HATUA YA 9: WIKI ZA KWANZA

Ukifika, tuma mahali ulipo kwa ramani na picha ya mlango ama namba ya nyumba. Iqama, kitambulisho cha ukaaji Saudia, mwajiri anatakiwa akutolee ndani ya siku 90, fuatilia hiyo kama unavyofuatilia mshahara. Mshahara upite benki ama njia inayoacha alama, na kila mwezi piga picha ya risiti umtumie yule wa bahasha.

Ukiona kazi imebadilika, ama umepelekwa nyumba nyingine ya dada yake madam bila kuulizwa, andika tarehe. Tarehe ndio zinazosaidia baadaye.

HATUA YA 10: MAMBO YAKIHARIBIKA

Kwa aliye huko. Kama kuna hatari ya kupigwa ama kubakwa, toka na uende polisi ama ubalozini, hiyo haina mjadala. Lakini kama ni mshahara umecheleweshwa ama kazi nyingi, jaribu kwanza maktab, kisha ubalozi, kwa maandishi. Usikimbilie maisha ya kemboi, yani kutoroka kwa mwajiri na kufanya vibarua huko nje, kwa sababu umesikia wanalipwa vizuri. Mwajiri akikuripoti kwamba umetoroka, ile huroob, unabaki bila karatasi, na kuna watu wanawapokea hao wasichana kwa nyumba za kupanga na kuwauza upya kwa kazi nyingine. Unatoka kwa mmoja unaingia kwa mwingine.

Kwa familia. Msilipe fidia kimyakimya. Ukilipa mara moja wamejua nyumba yenu ina pesa, bei inapanda. Nendeni DCI mkiwa na ile bahasha, simu yao ya bure ni 0800 722 203, wana kitengo cha uhalifu wa kuvuka mipaka. Chukueni namba ya OB, ile ya kitabu cha polisi cha kuandika ripoti, msitoke bila hiyo. Kama ni mtoto, pigeni 116, inafanya kazi Kenya na Tanzania. Mombasa kuna shirika la Trace Kenya, Nairobi kuna shirika la HAART, wamezoea kesi hizi na watawaelekeza kwa makazi salama na ushauri wa kisheria. Andikeni barua pia kwa wizara ya mambo ya nje, mkiambatanisha nakala ya pasi, manake ubalozi hauwezi kumtafuta "Mama Brian aliye Riyadh".

Kwa aliyerudi. Najua unataka kulala na kusahau. Lakini usifute simu. Mitandao hii imepangwa hivi kwamba kila mtu anamjua wa mbele yake tu: yule wa kijijini anamjua wa Nairobi, wa Nairobi anamjua wa maktab ama wa mpakani, na mkubwa mwenyewe hajawahi kukuona. Polisi wakimshika wa kijijini bila namba za simu na akaunti za pesa, kesi inaishia hapo kwake na wengine wanatafuta mwingine. Wanachohitaji kutoka kwako ni namba za simu zote hata zilizozimwa, majina ya kwa M-Pesa na benki, tarehe, namba za gari, picha, sauti za wasap. Usizihariri, usikate, toa nakala na wabaki na asili yake.

Na usiogope kwamba utashtakiwa wewe kwa kukaa bila visa ama kutumia karatasi feki uliyopewa. Sheria ya 2010 inamkinga aliyelanguliwa dhidi ya mashtaka ya makosa yaliyotokana moja kwa moja na kulanguliwa kwake, na imeweka mfuko wa kusaidia waathiriwa. Ukiambiwa kituoni kwamba wewe ndiye mkosaji, taja hiyo sheria kwa jina na uombe kuongea na ofisi ya DCI ya juu yake.

Jambo la mwisho ambalo linawaponza wengi: ile ya "leta rafiki upate komisheni". Kuna walio ndani ya zile kambi za Myanmar waliambiwa wakileta watu kadhaa wataachiliwa. Kuna wengine wako Ghuba salama wanalipwa kwa kila msichana wanayemtumia ajenti. Sheria inasema kuandikisha ni kitendo, haijali kama ni binamu yako ama mlisoma pamoja. Ukishaombwa kutafuta watu, hiyo meseji ihifadhi na uipeleke pamoja na zingine, na usimtumie mtu hata mmoja hata kama unaamini yeye atapata madam mzuri.